Falsafa yangu ya kufundisha muziki, na mahafali yalivyoipima

Kama we ni mwalimu mpya wa muziki na unazungusha barua za kazi kwenye shule binafsi hapa Dar, jiandae, kuna shule zitakwambia uandike falsafa yako ya ufundishaji, ukurasa mmoja, na hapo ndo wengi tunakwama maana chuoni tumesoma noti, tumesoma historia, tumepiga ngoma na zeze mpaka vidole vikaota sugu, ila hakuna aliyekukalisha chini akakuuliza we mwenyewe unaamini nini. Nikaanza kuandika yale ya siku zote, eti muziki ni lugha ya dunia nzima, eti kila mtoto ana kipaji chake. Nikayasoma nikaona haya hata muuza magodoro anaweza kuyaandika, nikafuta yote.

Kilichonitoa ni kujiuliza swali la kishamba kabisa: nikiwa na watoto mbele yangu, kitu gani siwezi kukifanya hata mkuu wa shule akinibana? Jibu likaja fasta. Siwezi kumwambia mtoto anyamaze ili wenzie waimbe. Mi nimekulia kwenye kwaya za kanisa huku Mbagala na waliopita huko wanaijua ile staili, mwalimu wa kwaya anapita kwenye mistari katega sikio, akifika kwako anakugusa bega, "we chezesha mdomo tu." Shangazi yangu aliguswa bega akiwa binti mdogo, saivi ana wajukuu na bado harusini maiki ikielekea upande wake anajifanya anaenda kuangalia chakula. Yaani mtu mmoja, sekunde mbili, kamfungia mwenzie mdomo maisha yote.

Kwahiyo nikaandika kwamba darasani kwangu kila mtoto ataimba, na kazi ya kumfikisha kwenye noti ni yangu mimi, sio yake. Kwenye intavyuu mama mmoja akaniuliza, "na yule asiyejua kabisa kuimba, mwalimu?" nikamjibu tutamfuata alipo. Kazi nikapata.

Sasa karatasi ni karatasi, darasani ni habari nyingine. Wiki za mwanzo darasa la tano walikuwa wananguruma, sio kuimba, wananguruma, hasa wavulana, na mwalimu mwenzangu akanifariji kwamba hawa madogo ndo walivyo hawana sauti. Kumbe tatizo lilikuwa linatoka mdomoni kwangu! Mi naimba besi, sauti yangu iko oktavu nzima, yaani ngazi nzima ya do mpaka do, chini ya ile ya mtoto, nikiimba wao wanajitahidi kunifuata huko huko chini ambako koo la mtoto halifiki. Mtoto wa umri ule anajisikia vizuri kuanzia kama noti ya D, ile inayofuata juu ya C ya katikati ya kinanda, kwenda mpaka B hivi, na nyimbo nyingi tunawaanzishia chini mno kwa sababu tunaanza pale panapotupendeza sisi watu wazima. Nikaacha kuongoza kwa sauti yangu, nikamtoa binti mmoja mbele awe anaanzisha, mi nabaki na kinanda kwenye kii ya F au G, yaani wimbo unajengwa juu ya noti hiyo. Mngurumo ukapungua sana.

Wakabaki wachache, na kuna dogo mmoja anakaa nyuma karibu na dirisha, huyo ukimpigia noti yoyote anarudisha noti yake ile ile moja, ya chini. Nikamwita pembeni wakati wa mapumziko nikamwambia we imba chochote, aa tu, ishikilie. Akaimba. Nikaitafuta kwenye kinanda, ilikuwa A ya chini, nikaimba naye pale pale kwenye A yake, tena nikamwambia umepatia. Akashtuka jamani, nadhani hajawahi kuambiwa hilo neno kwenye habari ya kuimba. Kutoka hapo tukapanda kidogo kidogo kama king'ora, uuuu, bila kusimama kwenye noti, mpaka akafika pale wenzie walipo, akakaa hapo sekunde kadhaa akateleza tena chini. Kesho yake hivyo hivyo. Wengi wa hawa sikio wanalo, ila hawajawahi kuisikia sauti yao ikigusana na ya mwingine kwenye noti moja, kwahiyo hawajui ile hali wanayotakiwa kuitafuta ikoje.

Hapo ndo nikaipenda upya sol-fa, ile do re mi ya kwaya zetu ambayo chuoni kuna wajuaji wanaiona ya kizamani. Ilianza Uingereza kwa mama mmoja, Sarah Glover, halafu John Curwen akaiboresha na kuisambaza kwenye karne ya 19, wamisionari wakaibeba mpaka huku. Uzuri wake do inahama. Dogo akiwa kwenye A basi A ndo do, darasa zima linahamia kwake kwa dakika moja tunaimba "do re do" huko huko chini, hakuna anayejua kwamba tumemfuata mtu. Na kama kuna anayeona mwalimu wa shule ni mtu mdogo, tuni ya wimbo wetu wa taifa ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni kule Afrika Kusini.

Halafu singeli. Walimu wenzangu wanaiona ya kihuni, mi naichukua kama ilivyo maana ndo muziki uliozaliwa hapa hapa uswahilini kwetu na madogo wanaujua kuliko mimi. Zile spidi za mapigo 200 na zaidi kwa dakika ni dawa ya kufundishia mapigo, kundi moja wanapiga makofi kila pigo, kundi lingine wanapiga moja kwa kila mawili, la tatu moja kwa kila manne, na hapo wameshaelewa thamani za noti, yaani ipi ndefu ipi fupi, kabla sijagusa ubao. Maneno yake mengine hapana, tunabaki na mdundo.

Mtihani wenyewe ukaja kwenye mahafali ya darasa la saba. Nikaitwa ofisini: "Mwalimu, wazazi wanakuja, mgeni rasmi anakuja, tuchagulie wale wanaojua." Sikubishana, nikasema sawa mkuu, naomba kwanza uje usikilize mazoezi. Nikaupanga wimbo kwa mtindo wa kuitikia kama ngoma zetu zote, waanzishaji wanne wenye sauti zilizotulia wanabeba mistari migumu, kiitikio ni cha wote na kina noti tatu tu, na wale ambao bado wanateleza nikawapa noti moja ndefu ya chini ya kushikilia. Dogo wangu wa dirishani akaishika ile A yake kama mlinzi wa geti. Mkuu akasikiliza mpaka mwisho akauliza wale wa chini umewatoa wapi, nikamwambia ndo wale wale.

Mahafali yakapita, wakaimba wote, turubai likavuma. Saivi kuna mashindano ya kwaya za shule, gari la shule halibebi watoto wote hao na mwalimu wa taaluma kashaanza tena kuniletea neno kuchagua. Nimemwomba aniachie niongee na wazazi kwanza kuhusu nauli ya kukodi Coaster.