Picha za Sebuleni Lubumbashi

Mtu akitaja sanaa ya Lubumbashi, mji wetu wa migodi kusini mashariki mwa Kongo, siku hizi mazungumzo huelekea haraka kwenye Biennale, maonyesho ya kila baada ya miaka miwili yaliyoanzishwa mwaka 2008 na mpigapicha Sammy Baloji, mwandishi Patrick Mudekereza na wenzao wa kituo cha sanaa kiitwacho Picha. Nayaheshimu maonyesho hayo, tena sana, lakini kuupima mji huu kwa maonyesho peke yake ni kusahau kwamba kulikuwa na wakati ambapo kazi za wachoraji wetu hazikuhitaji mwaliko wala hotuba ya ufunguzi, kwa kuwa zilitundikwa sebuleni, juu ya viti vya wageni, katika nyumba za wafanyakazi wa migodi na makarani.

Kabla ya hapo mnunuzi alikuwa Mzungu zaidi. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Humo ndimo walimokulia kisanaa Bela, aliyechora kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga na vistari vyake vifupi vilivyojaza picha nzima, na Pilipili Mulongoy, ambaye samaki na ndege wake ningeweza kuwatazama mchana kutwa.

Picha za sebuleni zilikuja baadaye, na zilishamiri katika miaka ya 1970. Mchoraji alitandaza rangi juu ya kitambaa cha gunia la unga, kisha akaizungusha kazi yake mitaani akitafuta mteja, kwa bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida angeweza kuilipa. Wateja walijua wanachokitaka: mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeleta utajiri na kudai malipo yake, au picha ya ukumbusho ya enzi za Wabelgiji, askari akimchapa mfungwa kiboko mbele ya mkubwa wa kizungu, au Lumumba akiwa amefungwa kamba, jambo zito katika mji ambao aliuawa karibu nao tarehe 17 Januari 1961. Mgeni alipokaribishwa, picha hizo zilifungua mazungumzo ambayo wakati wa Mobutu yasingefunguliwa kwa urahisi njiani.

Tshibumba Kanda Matulu ndiye ninayemwona kuwa mkubwa kuliko wote wa kundi hilo. Alijiona mwanahistoria, na mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha hapa, historia nzima ya nchi katika picha takriban 100, akizieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili chetu. Picha hizo sasa zimehifadhiwa Amsterdam. Mchoraji mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hatima yake haijulikani.

Kilichoua soko la sebuleni si ukosefu wa vipaji, ingawa nimewasikia wazee wakilalamika hivyo. Ni mshahara. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilipoporomoka katika miaka ya 1990, mishahara ikachelewa kwa miezi mingi, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari. Baba anayetafuta unga hanunui picha. Baloji alilielewa hilo vizuri alipobandika picha za vibarua wa zama za ukoloni juu ya magofu ya viwanda vya leo. Ila kazi hizo zimeonekana zaidi Ulaya kuliko zilivyoonekana katika komuni zetu, yaani wilaya za mji, kama Katuba au ile iitwayo Kenya.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandaaji wa Biennale ni la biashara tu. Pamoja na kazi kubwa zinazosafirishwa, wachoraji walipwe watoe nakala na picha ndogo ambazo mwalimu au fundi wa Kamalondo anaweza kuzilipia kidogo kidogo, jinsi watu wanavyolipia kitambaa sokoni, na mauzo yafanyike kwenye komuni zenyewe badala ya mjini kati.