Dawa ya jino, macho manjano

Mwaka jana hapa Kondele, Kisumu, jino lilinisumbua mpaka shavu likavimba, nikaandikiwa antibayotiki, amoksilini iliyochanganywa na klavulanati, ya wiki moja. Nikamaliza dozi, uvimbe ukaisha, nikarudi kuchomelea mageti yangu na nikasahau.

Wiki ya tatu baada ya kumaliza ndio mwili ukaanza kuwasha. Upele hakuna, ni kuwasha tu, viganja na nyayo, na usiku ndio balaa kabisa, mama watoto aliamka saa tisa akanikuta sebuleni najikuna nyayo na gunzi la mahindi. Tukabadilisha sabuni, wapi. Mkojo ukawa rangi ya chai ya strungi, choo kikapauka kama udongo, halafu siku moja nimevua miwani ya kuchomelea kijana wangu wa kazi akashtuka, "Mzee, macho yako!"

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani akasema homa ya manjano, shemeji akaleta mizizi ya kuchemsha (nashukuru sikuinywa), kliniki ya kwanza wakapima malaria wakakosa, kisha wakaniuliza nakunywa pombe kiasi gani, na mimi sijaionja tangu 2009.

Kwingine nikapata daktari, msichana mdogo tu, akauliza, "Baba, hii miezi mitatu umemeza dawa gani?" Nikasema hakuna. "Hata ya jino?" Eeh, hapo nikanyamaza. Paketi tupu ilikuwa bado kwa mfuko wa ovaroli, imejaa vumbi la chuma.

Walipima hepatitisi A, B na C, hakuna, picha ya tumbo ikaonyesha hakuna mawe kwa nyongo, lakini bilirubini, ile rangi ya manjano ambayo ini hutoa kwa damu, ilikuwa juu sana. Akanieleza ni nadra, mara nyingi mkorofi ni ile klavulanati, inaumiza ini hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dawa, na wazee wa kiume kama mimi ndio hupatwa zaidi. Nyongo haitiririki vizuri, ndio maana unawashwa. Dawa ya kuondoa hiyo kitu hakuna, unangoja ini lijitengeneze, kupima damu kila wiki, na poda ya kukoroga na maji ya kupunguza kuwasha. Hata dawa ya kichwa nisimeze bila kumuuliza.

Ilichukua karibu miezi miwili. Akaniandikia kikadi nisiwahi kupewa tena hiyo dawa. Juzi nina kikohozi, dada wa kemisti akaniletea boksi la jina lingine kabisa, nikamwonyesha kadi, akageuza boksi akasoma zile herufi ndogo, akalirudisha kwa shelfu bila kusema kitu.