Masufuria ya Msiba

Miaka ile nilikuwa katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana mtaani kwetu Hananasif, Kinondoni. Sikuchaguliwa kwa hekima. Walitaka mtu mwenye mwandiko unaosomeka, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi ya kueleweka, kwa hiyo nikakabidhiwa kaunta buku nene lenye gamba gumu na kalamu ya bluu.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha kawaida kabisa, kama vilivyo karibu kila mtaa wa Dar es Salaam. Elfu moja kwa mwezi. Ukifiwa unaletewa turubai, viti vya plastiki, majamvi, masufuria makubwa manne, na wanawake wa kupika. Hatukuwa na usajili wowote wa maana zaidi ya barua ya serikali ya mtaa iliyogongwa muhuri. Ila daftari lilikuwa safi, na hilo nalisema kwa majivuno. Kila mwanachama alikuwa na mstari wake: jina, nyumba anayokaa ni ya nani, chumba cha ngapi, anao watoto wangapi, simu ya ndugu wa kupigiwa. Safu ya mwisho iliandikwa "Kwao". Hapo ndipo panapojulikana maiti itapelekwa wapi: Kigoma, Utete, Songea, Singida. Wengine waliandika "hapa hapa", maana yake makaburi ya Kinondoni yanatosha.

Sasa mwezi huo wa Desemba 2011 jiji lilikuwa bado limepambwa. Miaka 50 ya Uhuru ilikuwa imesherehekewa tarehe 9, na mabango hayajaondolewa. Jumanne ya tarehe 20 mvua ikaanza.

Kwa asiyeijua Hananasif: sehemu ya juu ni makazi kama makazi mengine, ya chini inateremka hadi bonde la Msimbazi, karibu na mahali mto unapojiandaa kuingia baharini pale daraja la Selander. Maji ya Pugu, ya Vingunguti, ya Tabata, ya Kigogo, yote yanapita mbele ya mlango wetu. Juu hatukuwa na shida kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wakazi waliunda chama chao cha maendeleo, na katikati ya miaka ile, kwa msaada wa Chuo cha Ardhi, Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, wakajenga mitaro ya mawe kwa mikono yao na kulipwa ujira. Mama yangu alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe. Mpaka kesho ukimwambia mitaro ile ni ya serikali mtagombana. Basi mvua ya Desemba iliposhuka, mitaro ilipokea. Kilichotuzidi kilikuja kutoka upande mwingine, mto ulipoamua kupanda.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya namna ile haikuwahi kuonekana Dar tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa jijini. Bondeni kwetu niliona vijana wa kijiwe, wale wale ambao mama zao walikuwa wamekata tamaa nao, wakivuta kamba kutoka nguzo ya umeme hadi kwenye paa na kuwavusha watoto ndani ya gamba la friji bovu. Muuza barafu mmoja alikuwa amelitupa nyuma ya banda lake. Watoto wawili wanaketi, mmoja mkubwa anashikilia ukingo, vijana wanalisukuma maji yakiwa kifuani. Hakuna aliyewaamuru. Sijui hata nani aliwaza friji.

Kulipokucha watu walikuwa wamejaa kwenye madarasa ya shule ya jirani, wameloa, watoto wanalia njaa. Mwenyekiti wetu, mzee fundi cherehani, akaniita tukaenda kwa mweka hazina, kwa sababu masufuria yalikuwa yanalala kwake, stoo, chini ya kufuli mbili.

Mweka hazina alifungua mlango akiwa na khanga kichwani.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Watu wana njaa pale shuleni. Tumefuata masufuria."

Akanigeukia mimi. "Katibu, kifungu cha tisa kinasemaje? Si wewe uliyekiandika?"

Nilikikumbuka kwa moyo. Vyombo vya kikundi havitatoka ila kwa msiba, hitma au arobaini ya mwanachama. Kifungu kilikuwa na sababu yake. Miaka ya nyuma sufuria moja lilikwenda kwenye harusi ya mtu na kurudi limetoboka. Na ukweli ni kwamba nusu ya waliokuwa shuleni hawakuwa wanachama. Mweka hazina alikuwa na hoja.

Mzee akasema, "Dada, ukisubiri mpaka mtu afe ndiyo ufungue stoo, utayatoa yote manne kwa mpigo."

Mweka hazina akanyamaza kidogo. Halafu akasema sawa, lakini mtasaini. Tukasaini kweli, tumejibanza chini ya upenu, mvua inaturukia, mimi nimelifunika daftari kwa fulana yangu: masufuria manne, miiko miwili, maturubai mawili, yamechukuliwa na mwenyekiti na katibu, sababu "njaa". Alipokwisha kukagua sahihi zetu akajifunga kibwebwe, akatutangulia shuleni, na toka saa ile hakuna mtu aliyegusa mwiko bila ruhusa yake.

Mkaa wote wa mtaa ulikuwa umelowa. Tulipanga matofali kuwa mafiga na kuchoma mbao za kitanda cha mtu, kwa idhini yake. Mchele ulitoka dukani kwa Mangi, kwa mkopo, wali mweupe usio na nazi, na maharage yaliyochelewa kuiva mpaka watu wakayala yakiwa bado yanabishana na meno. Vijana wa kwaya walibeba maji. Msikitini wakaleta majamvi na kufungua vyoo vyao kwa kila mtu. Kuna bibi mmoja alikataa kula. Chakula cha sufuria la msiba, alisema, kinaita msiba. Mweka hazina akamchotea kwenye kibakuli cha plastiki alichokileta kutoka kwake, wali ule ule, bibi akala.

Misaada ya nje ilianza kuja baadaye, na wala siibezi, maana mablanketi tusingeyapata kwingine. Lakini nina neno juu ya orodha.

Alikuja binti wa shirika moja, mpole, amevaa kizibao, ana rundo la fomu. Fomu inauliza: namba ya nyumba, mkuu wa kaya, idadi ya watu, sahihi ya mwenye nyumba. Nyumba moja, kaya moja, furushi moja. Aliyeitengeneza nadhani hajawahi kuingia nyumba ya Kiswahili. Kwetu unaingia mlango wa mbele, korido inanyooka hadi uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na kila mlango ni familia yenye jiko lake na ugomvi wake. Mwenye nyumba mara nyingi hayupo hata kidogo; anakaa Tabata au Mbezi, anakuja kuchukua kodi. Kwa fomu ile, watu wa vyumba sita wangegawana ndoo moja na mablanketi mawili, na mwenye kusaini yuko kwake, mkavu.

Juu ya hapo, vitambulisho vimekwenda na maji. Na habari ya msaada ilikuwa imeshafika mbali. Kulikuwa na sura pale kwenye foleni ambazo hata mbwa wa mtaa hawakuzitambua.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi ndiye aliyenisukuma mbele. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 wajumbe hawa ni wa chama tu, si wa serikali, lakini nani anajali? Mkipigana usiku mnamgongea yeye. Akamwambia yule binti, "Mwanangu, kuna kijana hapa ana kitabu cha watakaokufa. Kiangalie kwanza."

Binti alishtuka. Nilimfungulia. Nikamwonyesha nyumba moja, ya mzee fulani, na chini yake mistari sita: chumba cha kwanza, fundi viatu, watoto watatu, kwao Kasulu, chumba cha pili, mjane anayeuza samaki wa kukaanga, kwao Kilwa, na kuendelea. Alisoma safu ya mwisho kwa muda.

"Hii 'Kwao' mnaiweka ya nini, kaka?"

"Ya kujua nauli ya jeneza."

Hakuandika hilo. Ila alivuta dawati, akakaa, tukaanza kunakili, chumba kwa chumba, kwenye karatasi zake, yeye akikata neno "nyumba" kila ukurasa na kuandika "chumba" juu yake. Mjumbe alisimama nyuma yetu akithibitisha: huyu yupo, huyu alihama kabla ya Ramadhani, huyu ndiye lakini watoto ni wanne si watatu, mdogo kazaliwa juzi. Wale wa sura ngeni walipoulizwa wanakaa kwa nani na chumba kinachofuata ni cha nani, foleni ikapungua yenyewe.

Daftari langu halikuwa msahafu, lakini. Kufikia alasiri nikaona tatizo ambalo kwa miaka yote sikuwa nimeliona: wenye shida kuliko wote hawakuwamo. Elfu moja kwa mwezi ni ndogo kwa anayeipata. Kulikuwa na mbeba mizigo anayelala kwenye banda la uani, kulikuwa na dada mmoja wa chumba cha nyuma na mtoto wake mgonjwa, kulikuwa na wazee wawili waliokwisha futwa kwa malimbikizo, nami ndiye niliyewapiga mstari. Wote wamesimama mbele ya dawati na kitabu hakiwajui.

Aliyewaokoa ni Mangi. Alikuja kuulizia mchele wake, akakuta mabishano, akarudi dukani na kuleta daftari la madeni. Nalo lilikuwa na mistari yake: unga nusu, mafuta ya kipimo, dawa ya mbu, jina, na mahali anapolala mkopaji, kwa sababu Mangi hakopeshi mtu ambaye yeye hajui pa kumkuta. Mbeba mizigo alikuwamo. Dada wa chumba cha nyuma alikuwamo kurasa tatu. Wazee wote wawili walikuwamo. Binti wa shirika aliyanakili na hayo, na kwa heshima kubwa akaruka safu ya kiasi kinachodaiwa.

Kwa hiyo mablanketi, ndoo na vyandarua viligawiwa kwa vyumba. Mambo makubwa zaidi hayakuwa mikononi mwa binti wala mwetu. Rais Kikwete alikuwa amewatembelea waathirika na kusema wa mabondeni wahame, na mwanzoni mwa 2012 serikali ikatoa viwanja Mabwepande, huko ng'ambo ya Bunju, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini. Kiwanja hupewi kwa sababu ulikuwa unapanga. Kiwanja ni cha aliyepoteza nyumba. Naielewa hesabu yake, na bado sijaikubali. Mwenye nyumba wa Tabata aliondoka na kiwanja juu ya nyumba anayokaa, na mjane wa samaki akaondoka na ndoo. Baadhi ya waliopelekwa walikaa kwenye mahema, wakaona nauli ya kuja kutafuta riziki inakula riziki yenyewe, wakarudi kupanga kule kule bondeni, mpaka bomoabomoa ya Desemba 2015 ilipowakuta na alama nyekundu ya X ukutani. Wengine walijenga na wapo hadi leo.

Mkutano wa kikundi ulifanyika mvua zilipokatika, chini ya maturubai yale yale, na ulikuwa mrefu. Mweka hazina alisoma hesabu: mchele wa Mangi, maharage, kiberiti, sabuni ya kusugulia masizi. Wapo waliosema fedha ya maiti imelishwa walio hai, tena wasiokuwa wanachama, na wanaotaka kuitetea wailipe. Mzee fundi cherehani akawaacha wamalize pumzi. Mwishowe ikakubaliwa kifungu cha tisa kiongezwe maneno "au janga", na waliofutwa kwa malimbikizo wasamehewe na kuanza upya. Hilo la pili nililiomba mimi, na lilipita kwa kura chache sana.

Ugomvi wa kweli ukawa juu ya waliohamia Mabwepande. Ni wenzetu au si wenzetu tena? Mmoja akauliza, akifa mtu kule tutakwenda na nini. "Na Coaster," akajibu mweka hazina, "na Coaster ina bei." Akapendekeza wa Mabwepande walipe elfu moja na mia tano, hiyo mia tano ni ya usafiri wetu kwenda kuwazika.

Mzee mmoja aliyekuja toka huko asubuhi kwa daladala tatu akasimama. "Mto umenifukuza, serikali imenipeleka porini, na nyie mnanitoza nauli ya kunililia?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Tukabishana hadi karibu na magharibi, na uamuzi ukawa kila mwanachama, wa juu, wa bondeni na wa Mabwepande, aongeze mia mbili. Niliandika kifungu kipya hapo hapo, mikono ikanyooshwa, na yule mzee akawa wa kwanza kulipa, kwa noti ya elfu kumi ambayo mweka hazina hakuwa na chenji yake.