Manga Juu ya Ngozi Nyeusi

Tangu nilipoamua kuishi kwa kuchora tatuu za manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, hapa Dodoma, nimekuwa nikishindana na jambo moja, nalo ni weupe. Manga huchapwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, na weupe huo ndio mng'ao wa upanga, ndio machozi, ndio anga lote nyuma ya mhusika. Karibu wateja wangu wote ni watu weusi, na karatasi hiyo sinayo.

Wapo wanaoshauri wino mweupe, lakini mimi sikubaliani nao. Wino wa tatuu hukaa katika ngozi ya ndani, kina cha takriban milimita 1 hadi 2, ilhali melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, iko katika tabaka la juu yake, kwa hiyo kila rangi ninayoiweka huonekana kupitia melanini. Baada ya kidonda kupona, rangi nyeupe hufifia na ile ya njano hupotea, lakini nyeusi husimama imara. Ndiyo maana siku hizi naifanya ngozi yenyewe kuwa mwanga wa mchoro: uso wa mhusika nauacha bila wino, nywele nazijaza weusi mzito, na vitone vya kivuli navitawanya zaidi ya vilivyo kitabuni, kwa kuwa wino husambaa kadiri miaka inavyopita na vitone vilivyosongamana huungana vikawa doa.

Majuzi alikuja mwanafunzi wa chuo akitaka ukurasa mzima wa One Piece, hadithi ambayo Eiichiro Oda alianza kuichapisha mwaka 1997, uingie kwenye kigasha chake. Nilimweleza kwamba nyuso ndogo kiasi hicho hazitatambulika baada ya miaka kadhaa, tukachagua kisanduku kimoja tu cha picha katika ukurasa huo. Nilimuuliza pia kama ana makovu yanayovimba, na kama anakusudia kuomba kazi polisi. Swali hilo la pili ni la lazima katika mji huu wa serikali, maana matangazo ya ajira za jeshi hilo yamekuwa yakimtaka mwombaji asiwe na michoro mwilini. Kijana mwenye ndoto hiyo namrudisha nyumbani, hata kama ni mwisho wa mwezi na kodi ya chumba inanisubiri.

Watu huniambia kwamba kwa Wajapani kazi hii ingeniheshimisha, nami huwajibu kwamba hata huko wachoraji wamepita pagumu: ni Septemba 2020 tu Mahakama ya Juu ya Japani ilipothibitisha kwamba kuchora tatuu si tendo la kitabibu linalohitaji leseni ya udaktari. Hapa kwetu, bibi jirani yangu, ambaye masikio yake yalitogwa na kutanuliwa kwa desturi ya Kigogo, huniuliza jambo moja tu: "Mjukuu wangu, huyo uliyemchora ametaka mwenyewe?"

Kiangazi hunipa wasiwasi zaidi kuliko maneno ya watu. Tatuu mpya ni kidonda, na upepo wa Dodoma hubeba vumbi kutwa nzima, kwa hiyo mteja anayepanda bodaboda namsihi avae nguo safi ya mikono mirefu na aoshe mchoro kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato.

Ninachokitamani sasa ni kuacha kutegemea wahusika wa wengine. Nimeanza kuchora wanawake wa Kigogo wakipiga ngoma ya muheme, na nimegundua kwamba mistari ya mwendo, ile ambayo wachoraji wa manga huitumia kuonyesha kasi ya ngumi, inaubeba vizuri sana mwendo wa mikono yao juu ya ngoma. Mteja mmoja ameuomba mchoro huo begani. Nimemwomba anisubiri, kwa sababu bega hupinda na mistari ya mwendo iliyonyooka karatasini itavunjika hapo, hivyo lazima niichore upya nikiufuata mviringo wa mwili wake.