Nilivyombaini muuzaji aliyekuwa anajipandishia bei kwenye mnada wa sarafu mtandaoni

Wadau wa sarafu na stempu, hii ishu inaumiza watu wengi na bado wengi hawajui inavyofanyika, kwa hiyo naelezea ilivyonikuta mimi na nilivyotoka. Ni hivi, kuna wauzaji kwenye minada ya mtandaoni wanafungua akaunti ya pili, au wanampa ndugu au rafiki kazi ya kuweka madau kwenye vitu vyao wenyewe, ili wewe unayetaka kitu kweli upandishwe hadi mwisho wa uwezo wako. Ni kama kwenye mnada wa mitumba, jamaa amesimama katikati ya watu anataja bei kwa sauti kumbe kaja na mwenye mzigo. Ila pale mnadani unamwona sura na wiki ijayo ukimkuta tena unamjua, mtandaoni unaona herufi mbili na nyota katikati basi.

Mi nakusanya sarafu za Mjerumani, hasa za Tabora za 1916. Kwa wasiojua, vita ya kwanza ilivyopamba moto meli za Waingereza zilifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani zikawa hazifiki, ndo wakaanza kupiga za kwao hukohuko Tabora kwenye karakana ya reli. Ya heller 20 (heller ni kama senti za rupia ya Mjerumani) ina taji na mwaka, na ina herufi T ya Tabora, ziko za shaba ya njano na za shaba nyekundu, na ukizishika unaona kabisa zimetengenezwa kwa shida, taji moja halifanani na jingine. Hizi zilipigwa zaidi ya milioni moja kwa hiyo si adimu kihivyo, iliyo adimu ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, ilipigwa 16,198 tu kwa dhahabu ya Sekenke na bei yake sijawahi hata kuisogelea. Hii tofauti ya wingi iwekeni akilini maana ndo iliyonishtua.

Kununua hapa nyumbani ni kazi, ukitamka tu rupia ya Mjerumani watu wanakuletea stori za sarafu yenye nguvu za ajabu inayouzwa mamilioni, matapeli wamewaliza wengi sana kwa hilo. Kwa hiyo nanunua kwa wauzaji wa Ujerumani, dada yangu anaishi huko, anapokea mzigo halafu mtu akija Dar ananiletea.

Sasa kuna muuzaji mmoja aliweka heller 20 ya shaba ya njano, picha safi, bei ya kuanzia euro 1. Huo mtandao ni wa mnada wa kawaida, unaandika kiwango chako cha juu, kinafichwa, halafu mfumo unakuwekea dau kidogo kidogo kadiri wenzako wanavyopanda, hauzidishi hata senti bila sababu. Nikaweka 55. Siku kadhaa kabla ya kufunga bei ilikuwa iko chini kabisa, kisha usiku mmoja akaingia mtu akaanza kupanda mwenyewe, 15, 20, 25, 30, 35, dakika hazizidi kumi, na hii ni sarafu isiyo adimu, ndo nikashtuka, yani mtu anapapasa gizani anatafuta ukuta uko wapi. Mara akaweka dau kubwa, bei ikaruka ikasimama 56, yeye akawa juu. Nikasema basi, kachukua. Baada ya nusu saa nachungulia tena nakuta lile dau kubwa kalifuta, sababu kaandika alikosea kuchapa kiasi, na ameweka jipya, 54. Mimi nikarudi kuwa wa kwanza kwa 55.

Fikiria hapo. Alivyopita juu yangu mfumo ulimwonyesha kiwango changu kilipoishia. Akafuta, akarudi hatua moja chini ya hapo. Mnunuzi wa kweli akikosea kuchapa anaweka kiasi alichokusudia halafu anaendelea na maisha yake, hana sababu ya kusimama euro moja chini ya siri yangu kama aliyeipimia kwa rula.

Nikafungua historia ya madau. Watu wengi hawaifungui kabisa na ndo sehemu yenye ukweli wote. Majina yamefichwa ila namba ya alama za sifa alizopewa yule mtu na wenzake inaonekana pembeni, na mtandao unaonyesha ni asilimia ngapi ya madau yake yako kwa muuzaji huyuhuyu. Huyu alikuwa 100. Nikaenda kwenye minada mingine ya yule muuzaji iliyokwishafungwa, nikawa naandika kwenye daftari nani kaweka dau lini na lini kaacha, usiku kucha kwa kweli, na nikakuta akaunti mbili zinapokezana, moja ikiwa kwenye pysa, zile sarafu ndogo za shaba, za Zanzibar za Sultani Barghash nyingine iko kwenye sarafu za Mombasa za 1888, zote zinapanda mapema, zote zinaishia nafasi ya pili, dakika za mwisho ambapo wakusanyaji wa kweli ndo tunaamka hazipo kabisa. Na mara moja ilitokea moja imeshinda, na kumbe ile sarafu ilirudi mnadani muda mfupi baadaye, picha zilezile, mkwaruzo uleule chini ya mchoro wa mizani.

Hapa niseme jambo moja kwa haki, asilimia 100 peke yake sio ushahidi. Kuna mzee anauza sarafu za makoloni tu, mwaminifu kupindukia, na mimi ukiangalia madau yangu kuna miezi karibu yote yako kwake kwa sababu hakuna mwingine mwenye vitu hivyo. Mtu asichafuliwe kwa alama moja. Kinachokuambia ni mkusanyiko: yuko kwa muuzaji mmoja, hashindi, anapapasa, anafuta dau, na akishinda kitu kinarudi sokoni. Zikikutana hizo zote mi sihitaji tena kuambiwa.

Nikampigia dada. Akaniambia mdogo wangu usilipe na usimtukane, hapa kuna hukumu. Na kweli ipo, mahakama kuu ya haki ya Ujerumani, BGH, tarehe 24 Agosti 2016. Jamaa alikuwa anauza gari Golf kwenye eBay kuanzia euro 1, akawa anajipandishia kwa akaunti ya pili hadi ikafika maelfu. Mahakama ikasema madau ya muuzaji kwenye mali yake mwenyewe hayahesabiki, mkataba ni wa watu wawili na huwezi kujiuzia mwenyewe, ukiyaondoa hayo madau mnunuzi alikuwa ameshinda kwa euro 1.50. Gari lilishaondoka, kwa hiyo muuzaji akatakiwa kumlipa fidia ya euro 16,500. Niliisoma nikairudia. Uingereza nako mwaka 2010 mtu alihukumiwa Bradford kwa mchezo huohuo.

Dada akaandika kwa Kijerumani, mistari michache tu ya heshima, tumeona dau limefutwa saa fulani na jipya kuwekwa chini ya letu, tumeona akaunti ileile kwenye minada namba hizi na hizi, akataja ile hukumu na namba yake VIII ZR 100/15, akaomba dau letu liondolewe. Jioni ileile likaondolewa. Hakuuliza swali hata moja. Na sisi tukapeleka skrinishoti zote kwa mtandao wenyewe, wakajibu wamepokea na kwamba matokeo ya uchunguzi huwa hawayatoi.

Kinachoniuma mimi sio zile euro. Huyo mtu alikuwa na njia halali kabisa, angeanza na bei anayoitaka, au angeweka bei ya chini ambayo ikishindikana haiuzwi, kila mtu anaelewa. Alichofanya ni kuzalisha bei ya uongo, na ile bei ikishafungwa inabaki kwenye rekodi ya mauzo, kesho mtu mwingine anatafuta heller ya Tabora imeuzwa ngapi anaikuta 55, anaiamini, anaweka 60. Historia yetu inapangiwa bei na mtu anayeshindana na mwenyewe.

Siku hizi kabla sijaweka dau natafuta mauzo yaliyofungwa ya wauzaji tofauti, naacha yale yenye harufu, napata bei yangu naiandika. Kisha sigusi. Sigusi kabisa hadi sekunde za mwisho, hapo naweka kiwango changu mara moja, hakuna wa kunipapasa maana muda umeisha. Wajerumani wengi wanafunga Jumapili saa mbili usiku yao, kwetu ni saa tatu usiku kipindi chao cha joto na saa nne wakati wa baridi, wakibadili saa usije ukachelewa. Bando liwe kwenye simu mbili. Ila kuna minada inayoongeza muda kila dau likiingia mwishoni, kwenye hiyo mbinu hii haisaidii, unabaki na bei yako uliyoandika na kuondoka ikipitwa.

Heller yangu nilikuja kuipata kwa muuzaji mwingine kwa euro 31, taji zuri kuliko lile la kwanza. Na kama na wewe yamekukuta, andika kabla mnada haujafungwa, kwa lugha ya muuzaji, taja saa na namba za minada usiseme tu unahisi, maana ukishafungwa na wewe ukiwa juu unaanza kudaiwa na mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako.