Maji Yasiyofuata Mwezi

Afisa wa forodha pale Busia alilipiga bomba langu kwa kidole, akasikiliza linavyolia, akaniuliza lina nini ndani.

"Ufito wa kuvulia samaki, afande."

"Unatoka nao wapi?"

"Kilifi."

Akanitazama, akatazama kitambulisho, akanitazama tena. "Mtu wa bahari anakuja kuvua kwetu? Samaki wa kwenu wamekwisha?"

Nilimjibu kwa ufupi kwamba wapo, maana foleni nyuma yangu ilikuwa inanung'unika. Lakini swali lake lilipanda nami basi, likakaa nami hadi Iganga. Jibu refu ni hili.

Mimi huvua kwa kayaki katika mkono wa bahari wa Kilifi. Kayaki yangu ni ya plastiki, ile ya kukalia juu, na ninavua kwa ule mtindo ambao chambo chake ni manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana. Wazungu hukiita nzi, ingawa cha baharini mara nyingi hufanana zaidi na kamba au kidagaa. Nami nimezoea kukiita nzi. Tofauti yake na mshipi wa kawaida iko kwenye uzito. Mshipi wetu hurushwa kwa chubwi: uzito uko mwisho, nao huuvuta uzi. Katika uvuvi wa nzi, chambo hakina uzito wa maana. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene na mzito kidogo, unaokunjuka hewani na kukiweka chambo majini. Ukiufanya vizuri, samaki hasikii kitu. Ukiufanya vibaya, unajikuta na ndoana mgongoni.

Kule nyumbani kila kitu hutawaliwa na mwezi. Sipangi safari bila kujua kama ni bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, au maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo. Maji yanapoanza kujaa na kupanda juu ya mchanga na mizizi ya mikoko, kaa na kamba hutoka, na kolekole huja nyuma yao. Hizo saa mbili au tatu ndizo uvuvi. Zilizobaki ni kupiga kafi na kuungua na jua. Sasa Jinja, mji wa Uganda kando ya Mto Nile nilikokuwa nikienda kuvua, hakuna bahari. Je, mtu aliyefundishwa na mwezi anaweza kuyasoma maji yasiyomjua mwezi? Hilo ndilo lililonipandisha basi.

Aliyenialika ni mzee ambaye mimi humwita Baba Mdogo. Si ndugu wa damu. Alifanya kazi na marehemu baba yangu bandarini Mombasa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977 akarudi kwao Busoga. Alizaliwa Walukuba, mtaa wa Jinja uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, ambapo watu wa makabila mengi walijikuta jirani na Kiswahili kikawa lugha ya uani. Nilimpelekea nazi mbili, kwa sababu kwenye simu alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: "Mwanangu, nikumbuke kwa nazi."

Safari ya basi naipita haraka. Nakuru baridi, Kisumu jua, Busia foleni, kisha mashamba ya miwa ya Kakira yasiyokwisha, na ghafla mji. Kituoni nilikula rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, nikiwa nimesimama, bomba kwapani. Tamu kuliko nilivyoahidiwa.

Kesho yake alfajiri Baba Mdogo alinipeleka kwa mpwa wake, ambaye shamba lake linashuka hadi Mto Nile kati ya mabwawa mawili. Juu kuna Nalubaale, lile lililoitwa Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na kuyazamisha maporomoko ya Ripon, pale ambapo mpelelezi Mwingereza Speke alifika mwaka 1862 akaandika kwamba aliona samaki kwa maelfu wakiruka kupanda maji. Jirani yake kuna kituo cha umeme cha Kiira. Chini, mwendo wa kilomita zipatazo nane, kuna bwawa la Bujagali lililokamilika mwaka 2012, nalo likazamisha maporomoko yake, mahali ambapo Wasoga wana mzimu wao wa jina hilohilo. Kwa hiyo mto uliokuwa unanguruma sasa umetandaa kati ya visiwa, na vigogo vya miti iliyozama vimesimama majini, kila kigogo na mnandi wake akikausha mabawa. Ni kuzuri, tena sana. Lakini nilipokuwa nikiingiza kayaki ya kukodi majini nilimwona mzee amesimama akisikiliza, kama mtu anayesubiri sauti fulani. Sikumuuliza sauti gani.

Mimi nilikuwa nikimtaka kisinja, samaki wa jamii ya barbeli mwenye magamba makubwa. Huko nyuma ndiye aliyekuwa fahari ya wavuvi wa Ripon. Sangara, ambaye hapa huitwa mputa, aliletwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, ndiye anayejaza viwanda na magazeti. Kisinja ni mwenyeji. Ni samaki wa maji yanayokwenda, hupanda mito kutaga, na kuta za mabwawa hazimjui. Wazee wa mtoni wanakwambia bila kusita kwamba amepungua.

Siku ya kwanza nilivua kama niko Kilifi, na nikapata kama anavyopata mtu aliye Kilifi akivua Jinja: sikupata kitu. Nilirusha nzi mweupe mwenye waridi kidogo, nikamvuta kwa kasi kama kidagaa anayekimbia. Ngege wadogo wawili walimfuata wakamwacha. Kurusha kwenyewe kulikuwa sawa, maana matatizo ya kayaki ni yaleyale popote: umekaa chini, karibu na maji, kwa hiyo mshipi unaporudi nyuma hupenda kuanguka na kupiga kelele. Dawa ni kupunguza idadi ya mizunguko, kuinua mkono, na kuridhika na umbali mdogo. Mshipi uliouvuta huulaza mapajani juu ya taulo lililoloweshwa, usije ukajisokota kwenye kafi au kwenye vifungo vya jaketi okozi. Joto nalo nililizoea. Mshipi uliotengenezwa kwa maji ya baridi ukiuleta pwani hulegea kama tambi zilizoiva, kwa hiyo wangu ni ule wa nchi za joto, na Jinja ulikwenda vizuri. Tena jioni sikuhitaji kuosha rili! Nyumbani, usipoitoa chumvi siku hiyohiyo, kesho inalia kama bawaba.

Nilirudi mikono mitupu. Baba Mdogo hakunipa pole. Alinichukua hadi ukingoni, akanionyesha kijiti alichokuwa amekichomeka asubuhi kwenye maji haba, chenye alama za kisu. Maji yalikuwa yameshuka chini ya alama ya kwanza kwa upana wa kiganja kizima.

"Unaona? Hapa mwezi hauna kazi," alisema. "Anayepandisha na kushusha maji ni umeme. Kule juu wakifungulia, yanapanda. Kule chini mashine zikinywa, yanashuka. Watu wa Kampala wakiwasha taa jioni, mimi huku naliona tope."

Nilikaa pale nikikitazama kile kijiti mpaka mbu wakanifukuza. Bamvua na maji mafu, lakini yenye ratiba ya jiko na pasi na balbu za watu nisiowajua. Nikamuuliza maji yakipanda samaki hufanya nini. Akacheka kama amengoja swali hilo siku nzima. "Kisinja hula konokono na vidudu vya mawe. Mawe yakiwa makavu atakula nini? Yakifunikwa, anakuja." Maneno yale angeweza kuyasema mvuvi yeyote wa Takaungu juu ya kolekole na kaa.

Usiku ule nilifunga nzi wapya chini ya taa ya sebuleni: unyoya wa kanga uliochanganyika kahawia na nyeusi, manyoya ya mbuzi kwa mkia, na waya mwembamba wa shaba kuzungushia kiwiliwili ili azame hadi kwenye jiwe. Mjukuu wa mzee, msichana wa miaka kama tisa, alikaa karibu akinipitishia uzi. Aliniuliza kama samaki hatajua kwamba ni uongo. Nikamwambia tutamuuliza.

Siku ya pili tulikikagua kijiti kwanza. Maji yalikuwa chini, basi tukanywa chai. Kama saa nne hivi yakaanza kupanda, polepole, bila povu wala sauti, majani makavu ukingoni yakianza kuelea moja moja. Nilipiga kafi hadi kwenye uwanda wa mawe kando ya kisiwa, nikauchomeka upondo wangu kwenye mwanya ili kayaki isichukuliwe. Nikarusha mita kumi na mbili hivi, nikamwacha nzi azame, nikavuta kidogo, nikaacha, nikavuta kidogo.

Mshipi ukawa mzito. Nilivuta kwa mkono wa kushoto bila kuinua ufito, kama bahari ilivyonifunza, na ndoana ikaingia. Samaki alikwenda kulia, akageuka, akaja moja kwa moja chini ya kayaki. Hapo nikafanya kosa ambalo nimewakataza wengine mara nyingi: niliunyanyua ufito wima, ncha ikapinda hadi ikatazama maji, ikakatika. Mlio wake ni mdogo tu, tak! Samaki alikwenda. Niliumia mno. Ufito ule niliununua kwa kuweka akiba miezi kumi na moja.

Baba Mdogo aliuchukua bila neno. Kilichokatika kilikuwa urefu wa shubiri. Aliipasha moto pete ya nchani kwa kiberiti mpaka gundi yake ikalainika, akaichomoa kwa koleo, akakwangua pale palipovunjika kwa wembe, akaitia pete kwa gundi mpya na kuifunga kwa uzi wa cherehani, mizunguko iliyolala sambamba, hata mmoja haukupanda juu ya mwenzake. Mikono ya mtu aliyefunga kamba za meli. Akapuliza, akaniambia nisiuguse hadi asubuhi.

Siku ya tatu maji yalichelewa. Yalipanda saa nane mchana, jua kali, na mdiria alikuwa amekitwaa kijiti chetu akikitumia kuvulia. Nilikwenda kwenye uwanda uleule. Ufito sasa ulikuwa mfupi na mgumu, ukirusha kwa ukaidi, nami nikajisogeza karibu zaidi na mawe. Mara ya sita au ya saba kuvuta, akaja. Safari hii alipokimbilia chini ya kayaki nilishusha ncha yote majini, nikauzungusha ufito mbele ya pua ya kayaki hadi ng'ambo ya pili, nikamfuata. Alivuta mara nne. Kwa nguvu zake nathubutu kumweka ubavuni mwa kolekole wa ukubwa uleule, ila kolekole hukimbia kama aliyeibiwa, kisinja hukimbia kama mwenye shamba: hana haraka, lakini hakubali kutoka.

Nilipomleta ubavuni nilimshika kwa mikono miwili iliyolowa. Sentimita sitini na moja. Magamba makubwa kama sarafu, ya rangi ya shaba mgongoni na dhahabu ubavuni, midomo minene ya nyama, na ndevu nne, mbili kila upande, zikipapasa hewa. Nzi alikuwa amekaa kwenye kona ya mdomo, unyoya wa kanga umelowa na kulala. Nikamtoa. Nikamshikilia samaki akitazama mkondo hadi aliponisukuma kidole gumba na kuondoka, kwa sababu ukubwa ule ni wa mzazi, na wazazi wamebaki wachache.

Dakika ishirini baadaye nilipata mwingine, mdogo, wa kutosha sufuria. Huyo nilimchukua.

Mama wa nyumba aliikuna nazi moja mwenyewe, akakataa msaada wangu, ingawa alinishauri mara tatu niseme kama tui limekuwa jepesi. Kisinja wa nazi, na viazi vitamu vya kuchemsha, ambavyo ndivyo chakula cha Wasoga hasa. Nyama yake tamu, nyeupe, lakini miiba midogo yenye umbo la panda imejaa kila mahali, kwa hiyo tulikula kimyakimya na kwa uangalifu, kila mtu akiutazama mkono wake. Msichana alikumbuka.

"Sasa alijua ni uongo?"

"Hakujua," nikamwambia.

Akaomba nzi mmoja. Baba Mdogo akasema apewe wawili, na nazi ya pili iwekwe hadi nitakaporudi mwezi wa kumi na mbili na ncha mpya ya ufito. Kisha akachukua tochi akatoka kwenda kukitazama kijiti.