Nilivyoikamata beringi kabla haijala kranki

Boti ninayoitunza hubeba abiria kati ya Mokowe na Lamu mjini, na injini yake ni dizeli ya ndani. Mwenye boti aliposikia nataka kupeleka oili chafu Mombasa ikapimwe alicheka: "Fundi, oili ya kumwaga ndiyo uilipie basi?" Nikamwambia chembe za madini zilizomo ndizo husema kipuri gani kinaliwa, reli za Marekani zilipima hivyo tangu miaka ya 1940, na bei ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, anaijua.

Kazi iko kwenye kuchota. Huchota injini ikiwa bado moto, kwa mpira mwembamba unaopitishwa kwenye tundu la dipstiki hadi katikati ya oili, usifike kwenye matope ya chini. Chupa iwe kavu na mpya. Ukiiacha wazi gatini, upepo wa hapa utakutilia mchanga, na maabara wataandika silikoni, madini ya mchangani, ambayo injini haina habari nayo. Naandika pia saa ambazo oili imefanya kazi, la sivyo namba hazilinganishiki.

Jibu moja halisemi kitu. Kinachosema ni mwendo wa namba, sampuli hadi sampuli. Kwetu chuma kilitulia, ila shaba na sodiamu zikawa zinapanda. Wenzangu wakasema beringi, yale mabamba laini yanayoishika kranki ikizunguka. Mimi nikashuku kipozea oili, maana mirija yake ni ya shaba na kinapozwa kwa maji ya bahari, ambayo chumvi yake ina sodiamu. Beringi zetu zina tabaka la risasi na bati juu ya shaba, kwa hiyo zikiliwa, risasi hutangulia, na risasi haikuwa imesogea. Nikadondosha tone la oili kwenye kikaango cha moto, likatatarika: maji yamo. Kipozea kilipofunguliwa, mrija mmoja ulikuwa na kitundu cha sindano. Injini ikitembea, presha ya oili huyazuia maji. Ikizimwa, yanaingia taratibu.

Tukabadilisha mrija na oili. Sampuli iliyofuata, sodiamu chini, risasi juu. Hapo sikungoja karatasi nyingine, kwa sababu mashine ya maabara huona chembe za mikroni chache tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita; unywele ni kama 70) na vipande vikubwa vinaipita. Nikalikata kopo la filta kwa kisu cha duara, si msumeno, kwani msumeno wenyewe humwaga vumbi la chuma. Nikaiosha karatasi yake kwa dizeli safi juu ya sahani nyeupe, nikapitisha sumaku chini. Vichache vilifuata. Vilivyobaki vilikuwa magamba meupe yanayong'aa, laini hata kwa ukucha: si chuma, ni lile tabaka la beringi.

Injini ikainuliwa kwa chenibloki. Tabaka la juu la beringi lilikuwa limebanduka vipande vipande, shaba inachungulia, lakini kranki ilikuwa laini bado. Tukatia beringi mpya bila kuichonga kranki.

Beringi mpya hutoa chembe nyingi zikizoeana na kranki, kwa hiyo namba za oili ya kwanza nimeziweka kando. Mstari mpya naanza kuuchora na oili ya pili.